Katika Mstari wa Wanawake Alikuwamo Mmoja

Mwalimu akikwambia kwamba mambo ni mazuri, usiandike kwanza. Kaa. Kunywa maji uliyopewa. Uliza habari za watoto, uliza mvua, uliza mifugo, kisha usubiri aseme "ila". Mnachokitafuta ninyi mnaoingia kazini sasa, na vishikwambi vyenu mikononi, kinakuja baada ya neno hilo.

Nawaandikia maafisa elimu vijana, na pia walimu vijana wanaoletewa madodoso kila mwaka wakaulizwa kama wanaridhika na mazingira ya kazi. Kazi hiyo ya kuuliza, kujumlisha na kurudisha majibu niliifanya hadi tarehe 30 Juni 2021, siku niliyostaafu. Sikuifikia kwa njia fupi. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1973 nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili, nimemzidi urefu mwalimu aliyenifundisha kushika kalamu. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya mwaka 1991 kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikiwa mama wa watoto wanne. Cheti hicho kimewekwa kwenye fremu sebuleni kwangu, mtaani Ng'ambo, juu ya redio. Wageni wengine huona kwamba ni majivuno. Ni majivuno kweli.

Naanza na Ziba, kwa sababu Ziba ndiko nilikojifunza kuuliza. Ilikuwa Februari 2006, tumekwenda kuwasaidia wenzetu wa huko kukusanya majibu. Nilimkuta mwalimu mmoja wa makamo amekaa kivulini pembeni mwa ukuta, tukaamkiana kama inavyopasa. Nikaanza kumsomea maswali. Hali ya shule? Nzuri. Ushirikiano na wazazi? Mzuri. Madarasa? Mazuri. Nikaweka alama zangu za vema, nikamshukuru, nikaanza kufunga mkoba. Hapo ndipo aliponiambia, kwa upole uleule, "Ni nzuri tu, Mama. Ila paa la darasa la nne liliondoka na upepo Jumapili."

Niligeuka. Darasa la nne lilikuwa nyuma yangu, limekaa wazi kama sinia, na watoto wamo ndani wanasoma.

Nilipomuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo, alinishangaa. Mtu akikusalimu, unamjibu vizuri kwanza, ndipo shida ifuate. Hata nyumba yenye msiba hujibu hivyo. Dodoso letu kwake lilikuwa salamu ndefu, naye aliijibu kwa adabu. Jioni ile nilikaa na fomu za Ziba nzima, nikaona kwamba tumekusanya salamu.

Tangu hapo niliacha kuuliza kama mtu anaridhika. Nilianza kuuliza vitu. Maji unayachota wapi, na nani anakuchotea? Daftari unasahihishia juu ya nini? Ukitoka kwenda chooni usiku, unapita wapi? Mlango wako unafungwa kwa kitu gani? Mwalimu hawezi kujibu "nzuri" kwa swali la namna hiyo. Inambidi ataje komeo, au kamba, au jiwe. Bwana Salumu, aliyekuwa mkuu wangu wa kitengo, mtu wa mjini mwenye Kiswahili kilichonyooka na utani mwingi, aliyapitia maswali yangu mapya akasema kwamba hayo si ya elimu, hayo ni ya mama mkwe anayekagua nyumba. Lakini aliyapitisha.

Kuuliza vizuri hakutoshi, vijana wangu. Mwaka 2009 majibu ya walimu yalionyesha wazi kwamba hawana viti. Ofisi ikaagiza viti, vikapelekwa, tukapigwa picha. Marehemu mume wangu alikuwa fundi seremala hapa Ng'ambo, na kazi hiyo hakuipata yeye, kwa hiyo huenda alisema kwa donge. Alizitazama zile picha akaniuliza, "Mama Tatu, mliwauliza kama wana meza?" Hatukuwauliza. Nilipokwenda kukagua niliwakuta walimu wamekaa wima kwenye viti vipya, madaftari yamelundikwa mapajani, wengine wamegeuza kiti kikawa meza na wao wako sakafuni. Mume wangu alicheka siku tatu. Alifariki tarehe 9 Agosti 2012, na mpaka leo nikiona kiti kisicho na meza namsikia.

Hayo ni makosa ya kucheka. Sasa niwaeleze lile ambalo sijapata kulicheka.

Kulikuwa na shule moja upande wa Kigwa, ndani kidogo ukitoka kwenye reli. Jina lake nitaliacha, na majina ya watu nimeyabadilisha. Shule hiyo haikuwahi kukaa na mwalimu wa kike. Waliletwa, wakaangalia, wakaondoka. Wasichana wa darasa la sita na la saba walikuwa wakikosa masomo siku kadhaa kila mwezi, na wengine hawakurudi kabisa, kwa kuwa hapakuwa na mwanamke shuleni wa kumweleza mambo yao. Kisha, Julai 2017, akaja Mwalimu Yustina, binti wa Kikatoliki kutoka Ulyankulu, mtulivu, mwenye sauti ya kwaya. Akakaa. Muhula wa kwanza, wa pili, mwaka. Alitenga pembe ya stoo ya shule, akaweka pazia, ndoo ya maji na sabuni, na wasichana wakaacha kukosa. Wazazi walikuwa wakiniuliza kila nilipopita kama ni kweli hatumhamishi. Kitu kilichokuwa hatarini katika habari hii ni hicho tu: Yustina abaki, au aondoke kama wenzake.

Nyumba ya mwalimu haikuwapo. Alipokewa na mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Kapela, na mkewe, Mama Nyanzala. Walimpa chumba cha binti yao Nyanzala, ambaye alikuwa ameolewa. Kodi walikataa katakata. Mwalimu wa watoto wao watamtozaje kodi? Mama Nyanzala alikuwa akiingia chumbani kwa Yustina bila hodi, anakaa kitandani, anabangua karanga na kumtania kwa wembamba wake. "Mwanangu, au huko shuleni unakula chaki?" Jioni alimletea bakuli la matobolwa, vile viazi vikavu vilivyochemshwa, vikiwa na moto wake. Nilikuta bakuli hilo zaidi ya mara moja. Nilipata na la kwangu.

Mwezi Machi 2019 tukapeleka madodoso. Yustina alijaza lake. Kwenye swali la mlango aliandika kwamba mlango wake unasogezwa, haufungwi, na usiku anaukingia jembe kwa ndani. Kwenye swali la usalama aliweka alama kwamba hajisikii salama mahali anapolala. Chumba kile kilitazama njia inayotoka kilabuni, na siku moja mlevi alikuwa amesukuma mlango akiomba moto wa sigara. Hakutaka lolote zaidi ya sisi kujua.

Majibu yakajumlishwa. Ofisi iliagiza kwamba kila shule irudishiwe yake na yasomwe mbele ya wazazi, ili jamii ishiriki kutafuta ufumbuzi. Agizo lilikuwa jema. Jedwali nalo lilikuja likiwa tayari limepangwa, kama lilivyokuja kwa kila shule: mstari wa wanaume, mstari wa wanawake, hakuna jina la mtu. Tuliambiwa kwamba pasipo jina hapana madhara, na katika shule za mjini, zenye walimu wa kike thelathini, hilo ni kweli.

Kikao kilifanyika darasani, Jumamosi, tarehe 18 Mei 2019, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele pamoja na Mzee Kapela. Mwalimu Mkuu, mtu mwema kabisa, alikuwa amevaa koti kwa ajili ya shughuli hiyo. Alisoma habari za maji, watu wakaitikia. Akasoma habari za madawati, wakaguna. Kisha akasoma, kwa sauti ileile ya kufurahia kazi safi, kwamba wanaume wote wanajisikia salama mahali wanapolala, na wanawake wasiojisikia salama ni asilimia mia moja.

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Mwalimu Mkuu, hao wanawake ni wangapi?"

Watu wakacheka. Yeye mwenyewe alikuwa anatania tu. Mwalimu Mkuu akaitazama karatasi kana kwamba imemgeukia. Kicheko kikaanza kupungua kutoka mbele kwenda nyuma, kadiri kila mtu alivyokuwa akielewa, hadi wote wakawa wanamtazama Yustina, au wanajizuia kumtazama.

Mzee Kapela hakusimama. Aligeuka tu kwenye benchi.

"Mwanangu," alisema, "nimekulaza pabaya?"

"Hapana, Baba."

"Karatasi inasema."

"Niliijaza haraka, Baba. Nitakuwa nimekosea mstari."

Alisema hivyo mbele ya wanafunzi wake wa darasa la saba, waliokuwa wamesimama dirishani. Mama Nyanzala aliinuka, akafunga kanga yake vizuri, akatoka. Hakutoka kwa hasira. Alitoka kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, kwa maana ukiyaandika kwenye taarifa yanapendeza. Kesho yake, baada ya ibada, Mzee Kapela alileta fundi. Mlango wa zamani uling'olewa, ukawekwa wa mninga wenye komeo la chuma kwa ndani na kufuli kwa nje. Popo waliokuwa darini walifukuzwa, dari likazibwa. Ukuta uliotazama njia ya kilabuni ulizungushiwa wigo. Hakuna ofisi iliyotoa chochote. Matokeo yalisomwa asubuhi ya Jumamosi, na kufikia Jumatano kasoro zote za chumba kile zilikuwa zimeondolewa. Katika utumishi wangu wote sikupata kuona dodoso likifanya kazi upesi namna ile.

Lakini Mama Nyanzala alianza kupiga hodi. Alipiga hodi, akarudia, akasubiri nje hadi aitikiwe, na akiisha kuitikiwa hakuingia. Bakuli alilitoa pale mlangoni, limefunikwa, akashukuriwa, akaondoka. Na aliacha kumwita mwanangu. Alimwita Mwalimu, kwa heshima zote, kama anavyoitwa mgeni aliyeletwa na Serikali. Yustina alinieleza hayo mwezi wa nane, tumekaa kwenye ile stoo yenye pazia, naye anakunja kanga ya kupangusia mikono, anaikunjua, anaikunja tena. Aliniambia kwamba sasa analala salama, ila halali.

Oktoba tukapeleka madodoso mengine, ya kupima kama kuna maendeleo. Yustina alijaza kila swali kwamba anaridhika sana. Kila swali, hata la maji, na maji ya shule ile niliyajua. Bwana Salumu alifurahi. Kwenye kikao cha wilaya aliionyesha shule ile kama mfano wa namna matokeo ya walimu yanavyopaswa kutumika, na tarakimu zilikuwa sahihi, na mlango kweli ulikuwa unafungwa. Nilipomwambia faraghani kwamba mwalimu yule hajibu tena, anatuitikia tu, alivua miwani yake. Kisha akaniuliza nilitaka aandike nini kwenye jedwali.

Nilikwenda kijijini Jumamosi, tarehe 23 Novemba 2019, si kwa kazi, kwa nauli yangu. Nilitaka kuwakutanisha. Mama Nyanzala alinikaribisha, akanipikia, akaniuliza habari za wajukuu mmoja mmoja. Nilipofika kwenye habari za Yustina alisema kwamba yeye hana neno na Mwalimu.

"Mama Nyanzala, si alikuwa mwanao?"

"Mwanangu angeniambia mimi. Mgeni ndiye anayepeleka Serikalini."

Nikamweleza kwamba hakupeleka, aliulizwa. Sisi ndio tuliouliza. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayejaribu kubeba mzigo wa mwenzake usiomkaa kichwani, akaniongezea mboga.

Yustina nilimkuta anafua. Nilimwomba azungumze na mama yule, hata kwa maneno mawili. Aliniambia kwamba amechelewa na mimi nimechelewa; barua yake ya kuomba uhamisho ilipelekwa tarehe 5, na imekubaliwa.

Basi tulibadilisha utaratibu, na utaratibu huo ndio mnaorithi, ingawa pengine hamjui ulikotoka. Pale ambapo mstari una watu wachache, hausomwi peke yake. Unaunganishwa na wa shule jirani, au unaachwa. Matokeo yanarudi kwa walimu wenyewe kwanza, na wao ndio wanaoamua lipi lifike kwa wazazi na nani alifikishe. Jambo linalomhusu mwenye nyumba linapelekwa kwa mwenye nyumba, nyumbani kwake, na mtu mzima anayejua kuketi na kulifikia neno kwa kuzunguka. Ukipewa chumba bure na watu wanaokupenda, huwezi kusema mlango haufungwi. Kwa hiyo atafutwe wa kukusemea, shangazi wa kazi, tuseme. Kishikwambi hakiwezi kuwa shangazi. Vishikwambi vyenu vinajumlisha kwa dakika moja kazi iliyonichukua wiki tatu na rula, na vinagawa wanaume huku na wanawake kule bila kuulizwa. Kabla hamjabonyeza kutuma, hesabuni watu waliomo katika kila mstari, kisha jiulizeni kama mnawajua. Mkiwajua ninyi mlio mbali, kijiji kinawajua zaidi.

Yote hayo ni mazuri. Yalikuja barua ya Yustina ikiwa imeshakubaliwa.

Aliondoka Jumatatu, tarehe 6 Januari 2020, siku shule zilipofunguliwa. Nilikwenda ili asiondoke peke yake. Mzee Kapela alimuaga uani, akamshika mkono kwa mikono miwili, akaingia ndani. Sikutegemea kwamba Mama Nyanzala angemsindikiza, lakini alitoka na kanga ya kutokea, akabeba mfuko wa karanga kichwani, akatangulia njiani. Tulikwenda watatu hadi Kigwa, tukasimama karibu na stesheni kusubiri gari la mjini. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Mama Nyanzala alitua mfuko, akaukaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningeanzaje, Mama? Ulinipa chumba cha Nyanzala."

"Ungesema tu. Mama, mlango. Basi."

Yustina alikuwa anaangalia chini. "Nilijaribu, Mama. Nilisema popo. Nilifikiri ukija kutazama popo utauona na mlango."

Mama Nyanzala aliitafuta siku hiyo kichwani mwake, na niliona kwenye uso wake alipoipata.

"Ulisema popo," alisema taratibu. "Nami nikacheka. Nikakwambia wanakula mbu."

"Ndiyo, Mama."

"Nikacheka, mwanangu."

Gari lilikuwa limefika, na kondakta alishachukua begi. Walikumbatiana vibaya, kwa haraka, huku watu wakipita katikati yao na mizigo, na mfuko wa karanga ukapandishwa kupitia dirishani. Barua ya uhamisho ilikuwa imeshatiwa saini sehemu tatu. Hakuna kati yetu aliyesema arudi.

Tulirudi kijijini tukitembea, mimi na yeye, kwa kuwa mkoba wangu nilikuwa nimeuacha kwake. Mbele kidogo ya reli aliniuliza kama ofisi italeta mwingine. Nikamwambia italeta. Akauliza kama atakuwa mwanamke. Nikamwambia tutaomba awe mwanamke. Alitembea kitambo, kisha akaniuliza, bila ubishi wowote, kama mtu anayetaka kujua ili ajiandae, "Na huyo naye akiwa na neno, ataanzia kwa nani?"

Nilitaka kumwambia kuhusu utaratibu mpya, mistari inayounganishwa, vikao vya walimu kwanza. Nilikuwa nimeuandika mwenyewe wiki mbili kabla, kwa lugha nzuri. Nikaona kwamba hakuulizia hayo. Nilimshika mkono tukavuka dimbwi.